Hatua Thelathini na Mbili

Nikiwa na miaka kumi na mmoja nilimpiga risasi tumbili niliyekuwa nimemfahamu kwa majuma saba. Nilijua ni sikio lake gani lililochanika, nilijua anapenda kukaa wapi jua linapopanda, na nilijua kwamba haniogopi. Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Sikuwa nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kwangu hapa Maili Moja na rafiki yake, wamebeba bunduki ya upepo yenye darubini juu yake. Walikaa barazani wakibishana ni umbali gani unafaa kuilengea, ili darubini na risasi vipatane. Mmoja alisema mita hamsini, mwingine thelathini. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikawauliza, "Mnataka kupiga nini, na hicho kitu hukaa wapi?"

Wakatazamana. Mjukuu wangu akacheka. "Bibi naye. Haya mambo ya darubini umeyajulia wapi?"

"Dutumi," nikamwambia. "Kabla mama yako hajazaliwa."

Wakacheka zaidi, kisha wakarudi kwenye mabishano yao. Kwa hiyo nakusimulia wewe.

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha si siku nyingi, na khanga mpya ilikuwa bado habari ya kusimuliwa kijiji kizima. Nilikaa na bibi, mama yake baba, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, mwendo mrefu kutoka kwa majirani. Mama alikuwa ameachana na baba na kuolewa Maneromango, upande wa pili wa Kisarawe. Baba alifanya kazi na kikosi cha wapima barabara. Alikuwa mshika mnyororo, yule anayetangulia na ncha ya mnyororo wa kupimia huku mpimaji akiandika. Alikuwa akiondoka miezi minne, mitano, akirudi kwa siku chache, na siku hizo alilala zaidi ya kuzungumza. Nilipokuwa naye sikujua la kumwambia. Alipoondoka nilikumbuka maneno yote.

Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, na alinigombeza kama mke mwenza kwelikweli. Asubuhi nilichota maji kisimani safari mbili, nikafagia uwanja, nikala muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai, kisha nikaenda shambani kuamia. Kuamia ni kulinda mazao yasiliwe na ndege na wanyama. Kazi hiyo ilifanyika juu ya dungu, jukwaa la miti minne lenye kijipaa cha nyasi, mtu akae juu na kuona shamba zima. Nilikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua linapozama, tangu mahindi yalipoanza kubeba mpaka yalipokauka. Mchana bibi aliniletea ugali na kisamvu katika bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba. Nilikula, akachukua bakuli, akaenda zake kwenye mihogo. Basi. Watu wangu wa siku nzima ndio hao.

Wewe kama uliwahi kuamia peke yako unajua jinsi masikio yanavyokuwa makubwa. Nilisikia kinu cha mke wa jirani, mtu nisiyeweza kumwona. Nilisikia hondohondo wakilia msituni. Upepo ukivuma kutoka upande wa Ruvu nilisikia garimoshi likipiga honi, nikawaza kwamba pengine baba yumo, ingawa nilijua kwamba kikosi chake kilitembea kwa miguu.

Mwaka uliotangulia tumbili walikuwa wamekula zaidi ya nusu ya mahindi yetu. Kufikia miezi ya ukame tulikuwa tunachimba ndiga porini, vile viazi mwitu vyenye sumu ambavyo lazima viloweshwe siku kadhaa kabla ya kuliwa. Viliniumiza tumbo, nikakonda. Kwa hiyo mwaka huu, siku ya kwanza aliponipandisha kwenye dungu, bibi alisema neno ambalo sikulisahau.

"Tumbili wakimaliza mahindi tena, mke mwenzangu, utakwenda kwa mama yako Maneromango. Mimi sitakulisha ndiga mwaka wa pili."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya gulio. Lakini nilikuwa nimewahi kufika Maneromango mara moja. Mume wa mama alikuwa na watoto wake sita, na kwa siku tatu nilizokaa pale alinisemesha mara moja tu, kuniuliza nitaondoka lini.

Sasa, tumbili humjua mwanamume na humjua mwanamke. Hili nimeliona kwa macho yangu. Akitokea mwanamume, hata awe mgonjwa wa kutembelea fimbo, wanakimbia toka mbali. Akitokea mwanamke, wanasogea kando kama watu wanaompisha mtu njiani, kisha wanarudi. Kwetu hapakuwa na mwanamume. Bibi alitoa kanzu ya marehemu babu kwenye sanduku, akaivaa pamoja na kofia, akazunguka shamba akikohoa kwa sauti nzito. Siku mbili tumbili hawakuonekana. Siku ya tatu walikuja, bibi akaokota jiwe akawatupia, wakamtambua kwa jinsi alivyotupa. Walikaa palepale wakimtazama amevaa kanzu ya mumewe.

"Hata nyinyi," bibi aliwaambia, akavua kofia.

Zaidi ya kanzu hiyo tulikuwa na kitu kimoja tu: bunduki ya upepo ya baba. Aliuziwa na msimamizi Mgiriki wa shamba la mkonge, aliyeuza vitu vyake alipokuwa akihama. Ilikuwa na darubini nyembamba, ndefu kama filimbi, iliyokazwa juu ya mtutu kwa pete mbili na waya. Karani mmoja wa Kisarawe alipoiona alisema hiyo ni ya kutishia kuku. Risasi zake zilikuwa ndogo kuliko punje ya hindi, zimebanwa kiunoni, na zilibaki chache ndani ya kopo la tumbaku. Kuikunja ili ishike upepo nililazimika kuegemeza kitako chake tumboni na kuvuta mtutu kwa mikono yote miwili.

Baba alikuwa ameniachia bunduki hiyo kwa maelekezo machache. "Nimeilengea hatua sitini. Ukiona msalaba ndani ya darubini umemkalia, piga. Hizi skrubu mbili usiziguse. Kipimo kikishawekwa hakiguswi." Alikuwa akilitumia neno hilo kwa kila kitu, hata chumvi ya mchuzi.

Tumbili walikuja kiasi cha kumi na wanne. Aliyewaongoza alikuwa dume mkubwa mwenye sikio la kushoto lililochanika. Alikaa juu ya kichuguu kilichokuwa pembezoni mwa shamba, akaniangalia, na wengine wakila alikuwa hali. Nilimlenga kifuani, msalaba ukamkalia sawasawa, nikapiga. Hakuna kilichotokea. Aliinua macho kidogo, kama mtu aliyesikia nzi. Nikapiga tena kesho yake, na keshokutwa yake. Mara ya nne niliona jani la mhindi likitikisika nyuma yake, juu ya bega. Nikajua: risasi inapita juu yake, kwa upana wa kama vidole vinne.

Nikaacha kupiga. Badala yake nikaanza kutazama. Kila siku walipoondoka nilishuka na kuhesabu hatua kutoka mguu wa dungu mpaka mahali walipokuwa, na idadi hiyo nikaichora kwa mkaa kwenye nguzo, mstari kwa kila hatua kumi na kitone kwa kila moja. Baada ya majuma mawili nguzo ilinionyesha jambo ambalo macho hayakuwa yameliona. Waliokula hawakukaribia chini ya hatua ishirini. Hawakuzidi arobaini. Na yule dume kwenye kichuguu alikaa hatua thelathini na mbili, kila siku, mvua au jua. Nikatafuta sababu. Nikachukua jiwe, nikasimama kwenye dungu, nikalitupa kwa nguvu zangu zote. Lilianguka hatua chache kabla ya kichuguu. Bibi alipokuja na chakula nikamwomba atupe na yeye. La kwake lilianguka karibu na langu.

Yule mnyama alikuwa ametupima.

Sitakuficha kwamba kuanzia hapo nilimwona kama mtu. Niliwajua wote sasa: jike mwenye mtoto aliyemng'ang'ania tumboni, ambaye alikula hindi akimpa mwanawe nywele za hindi achezee, kijana mmoja mwoga aliyeiba na kuangusha. Nilianza kuwasemesha. Niliwaambia habari za kisima, habari za kinu nilichokisikia, nimeota nini. Dume alisikiliza. Mahindi yalipungua, na siku hizo ndizo nilizopata mazungumzo mengi kuliko siku zote za mwaka ule.

Bibi alizunguka shamba siku moja akihesabu mabua matupu. Aliporudi nyumbani alitoa kikapu changu cha safari, akakishonea mshikio.

Jioni ile alikuja babu jirani kuomba moto. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani zamani na mizigo ya vita ya kwanza, akaoa, akabaki. Na kwa kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, hakuna siku aliyopita uwanjani kwetu bila kutukanwa.

"Shikamoo babu," nilisema.

"Marahaba mjukuu."

"Usimwitikie vizuri hivyo," bibi alimwambia yule babu, "atadhani wewe ni mtu. Kichwa kimekuwa bapa kwa mizigo."

"Kichwa bapa kinakaa na mtungi bila kumwagika. Ninyi Wazaramo mngekuwa mnajua kazi, mngekuwa mnalishwa na shamba, si shamba kulisha tumbili."

"Basi waambie wewe, mnafanana."

Walipomaliza kutaniana nilimweleza habari ya bunduki: baba ameilengea hatua sitini, tumbili anakaa thelathini na mbili, risasi inapita juu. Nilisema nadhani imeharibika. Babu jirani hakucheka. Alinitaka nilete kamba. Akafunga ncha moja kwenye nguzo ya nyumba usawa wa bega lake, nyingine kwenye mti ulio mbali, akaivuta ikawa kama uzi wa fundi. Akasimama karibu na nguzo, akatupa jiwe dogo kutoka chini ya kamba, polepole, nilione. Jiwe lilipanda, likavuka kamba, likaenda juu yake, kisha likashuka, likaivuka tena karibu na mti.

"Kamba ni jicho lako," alisema. "Jicho halipindi. Jiwe ni risasi. Haiwezi kwenda sawa, hata ya mzungu. Inakutana na jicho mara mbili, hapa karibu, na pale mbali. Baba yako pale pa mbali amepaweka kwenye hatua sitini. Tumbili wako anakaa katikati, ambako jiwe liko juu."

"Sasa kwa nini baba aliweka sitini?"

"Hilo muulize yeye. Kule barabarani kwao wanakula kanga, na kanga hakungoji karibu."

Nikafikiri juu ya hilo. Kwa hiyo hatua sitini zilikuwa za kambi yake, za uwanda nisioujua, za kitoweo ambacho wenzake walikula naye jioni. Hakuwa ameilengea shamba letu. Na hatua sitini za baba nilizihesabu baadaye: kwa miguu yangu zilikuwa themanini. Shamba letu lilikwisha kabla ya hapo.

"Bibi," nilisema, "baba alisema skrubu zisiguswe."

Bibi alikuwa akipuliza moto. "Baba yako yuko barabarani. Tumbili wako hapa."

Asubuhi nilikata kipande cha shina la mgomba, nikakisimamisha kando ya kichuguu kabla tumbili hawajafika, nikapaka doa la mkaa. Nilichagua shina la mgomba kwa sababu linameza risasi bila kuirudisha. Nikapanda kwenye dungu, kwa maana ni juu ya dungu ndipo ningepiga, nikapiga moja. Vidole vinne juu ya doa, kama nilivyotarajia. Nikaweka ncha ya kisu kwenye skrubu ya juu. Nilikaa na ile ncha pale kwa muda. Mikono ya mwisho kuigusa ilikuwa ya baba, na nikizungusha, alichokiacha hakipo tena, hata akirudi. Nilizungusha robo. Risasi ikaja vidole viwili juu. Robo nyingine, na nukta. Ikaingia kwenye doa. Nikapiga tena ili nihakikishe, ikaingia pembeni ya ile ya kwanza. Kisha nikasogeza shina mpaka hatua ishirini, halafu thelathini na nane, nikapiga moja moja. Zote mbili zilikaa ndani ya doa, au kwenye ukingo wake. Bunduki ikilengewa hatua thelathini na mbili, risasi na jicho vilitembea pamoja karibu shamba zima. Zilibaki risasi tano.

Walikuja jua lilipofika juu ya mihogo. Dume alipanda kichuguu, akakaa, akaniangalia. Alijikuna. Nilikuwa nimezoea kumsalimu na siku hiyo sikumsalimu. Msalaba ulikaa begani. Nilitumaini kidogo kwamba nimekosea hesabu.

Nikapiga. Alishika bega. Aliondoa mkono, akautazama, kisha akanitazama mimi, wala hakupiga kelele. Halafu akateleza nyuma ya kichuguu. Kelele walipiga wengine. Mabua yalitikisika yote kwa pamoja, na shamba likawa tupu. Nilishuka nikakuta matone ya damu yakielekea msituni. Niliyafuata mpaka nyasi zilipoanza kuwa ndefu, nikarudi.

Hawakuja kesho yake, wala juma lile, wala mpaka mahindi yalipokauka. Niliendelea kuamia kwa sababu ndege walikuwepo, lakini ilikuwa kazi ya kukaa tu. Kichuguu kilikuwa mbele yangu siku nzima. Bibi alichoma mahindi mabichi jioni, mengi kuliko tulivyoweza kula, akaniambia, "Kula, mke mwenzangu. Umeyanunua." Kile kikapu alikirudisha darini. Nilikula. Yalikuwa matamu. Sikupata mtu wa kumweleza kwamba nilikuwa nimefukuza watu kumi na wanne ili nisifukuzwe mimi.

Baba alirudi tukiwa tumekwisha kupukuchua. Baada ya kulala na kula alichukua bunduki, akatundika kifuu cha nazi kwenye mti, akahesabu hatua zake sitini, akalenga. Risasi ilipiga ardhi chini ya mti. Alitazama skrubu.

"Nani kagusa?"

"Mimi."

"Umeiweka hatua ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Za kwako au za kwangu?"

"Za kwangu."

Alifikiri. Kisha akaniambia nitembee kutoka kwenye mti, nami nikatembea nikihesabu kwa sauti, na baba akaja nyuma yangu akifupisha hatua zake ziwe kama zangu. Mtu mrefu vile, alitembea kama anayepita kwenye matope. Nilipofika thelathini na mbili nikasimama. Alipiga kutoka hapo. Kifuu kilizunguka kwenye kamba yake.

"Sawa," alisema. Akapiga tena, kikazunguka tena. Siku mbili baadaye aliondoka na kikosi chake, na safari hii alichukua bunduki. Nilimtazama mpaka njia ilipopinda. Skrubu hakuwa amezigusa. Nilikuwa nimeziwekea alama ya mkaa, na alipoweka bunduki begani alama ilikuwa bado pale pale.

Mwaka uliofuata nilivunja ungo, nikaingizwa ndani, nikawa mwali. Wewe unajua mwali wa kwetu alivyokaa siku zile: chumba cha nyuma, mlango umefungwa, hasemi na mwanamume, hata baba yake. Nilikaa miezi. Katika miezi hiyo baba alikuja mara moja. Nilimsikia akimsalimia bibi. Nilisikia kikohozi chake, nikasikia akiuliza, "Hajambo?" na bibi akijibu, "Hajambo." Halafu nikasikia kamba ikitupwa kwenye mti na kifuu kikigonga shina.

Alianza kutembea. Nilitega sikio ukutani ili nihesabu. Kumi na tano nilizipata, labda kumi na sita, na palepale bibi akaanza kutwanga. Hatua zikapotea ndani ya kinu. Baada ya kitambo nikasikia bunduki, na mara hiyohiyo kifuu kikalia. Akapiga mara ya pili, kikalia tena. Hakukosa. Kwa hiyo alisimama pale bunduki ilipolengewa, iwe ni pale kwake au pale kwangu.

Alirudi kazini kesho yake. Homa ilimkuta kambini kabla sijatolewa nje, akazikwa huko, na wenzake walileta nguo zake na sufuria. Bunduki hawakuileta, na hakuna aliyejua iko kwa nani. Nyumba ile haipo sasa. Kichuguu kimelimwa. Dungu hakuna anayejenga, na tumbili nimesikia wamehamia ng'ambo ya mto.

Siku nilipotolewa nje, kabla ya ngoma, nilimuuliza bibi, "Siku ile baba alipopiga kifuu, alisimama wapi?"

"Mimi nilikuwa natwanga," bibi alisema. "Sikutazama."